Mtoto wa Kona ya Tatu

Gladys ndiye aliyeziona kwanza. Alikuwa amemaliza mizunguko minne ndani ya gari jekundu, jasho linamtiririka chini ya helmeti, na badala ya kuuliza ameendeshaje kama wanafunzi wenzake, aliuliza jambo jingine.

"Mwalimu, kuna mtoto humu uwanjani?"

"Mtoto gani?"

"Simjui. Kuna nyayo kwenye kona ya tatu. Ndogo. Za maji."

Uweis alicheka. Siku ya darasa hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvuka ua. Hiyo ilikuwa sheria ya Zein, mwenye uwanja, na Zein alipenda kuandika sheria zake ukutani kwa rangi nyekundu. Halafu maji? Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa pili, upande wa pili wa kijiji cha Ganda, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege cha shamba la mkonge ambacho Zein alikuwa amekitandika lami nyeusi mpya. Ungepasua yai juu ya lami ile, ungelila na mkate. Gladys alikuwa daktari wa meno huko Kilifi, mtu aliyezoea kuona vitu vidogo, lakini Uweis alijiambia kuwa jua limemchezea.

Hata hivyo akaenda kutazama, kwa miguu, helmeti mkononi.

Nyayo zilikuwepo. Zilianzia kwenye gofu la mawe ya matumbawe lililobaki ukuta mmoja tu, pembeni mwa kona ya tatu, zikakata lami kuelekea banda la magari. Mguu wa kushoto ulikuwa umekanyaga wote. Wa kulia ulikuwa umekanyaga kwa vidole peke yake, kama mtu asiyeweza kutia kisigino chini. Uweis akainama, akagusa. Maji yalikuwa ya moto na yalinukia ile dawa tamutamu ya kijani inayotiwa kwenye rejeta, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nyama iliyochemshwa bila chumvi. Alisimama pale akingoja zikauke. Hazikukauka.

Ndipo alipokumbuka lile karai.

Saa moja kabla ya hapo, gari la manjano lilikuwa limechemka. Lilisimama mbele ya lile gofu, moshi mweupe unafuka kwenye boneti, na wanafunzi wote wanne wakasogea kuona mwalimu atafanya nini. Uweis alikuwa mtu wa Mambrui. Alikuwa ameendesha magari ya mashindano miaka kumi na mitano, amevunjika mbavu tatu na bega, na sasa alikuwa akifundisha watu wenye nafasi zao namna ya kwenda mbio bila kufa. Mtu kama huyo hapendi kuonekana amekwama. Akafungua rejeta kwa kitambaa, akakinga maji yote kwenye karai, maana tone moja likidondoka kwenye lami gari linalofuata huteleza. Kisha akalibeba karai kwa glavu zake, akaelekea gofuni.

Kalama, fundi wa magari, akamkimbilia.

"Mwalimu, ngoja yapoe. Au basi piga bismillah kwanza, waondoe watoto wao."

Huko pwani hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Humwagi maji ya moto ardhini jua likiwa utosini bila kupiga bismillah, na wenyeji wa Ganda wana maneno yao, ili wale tusiowaona wawavute watoto wao kando. Bibi yake Uweis alimfundisha hivyo akiwa bado hajaanza chuo cha Kurani. Lakini wanafunzi walikuwa wakitazama, na Tevin, yule muuza vigae kutoka Mombasa, alikuwa ameshaanza kuchekelea.

"Hapa twafundisha udereva, Kalama," Uweis alisema kwa sauti ya kusikika. Akalimwaga karai lote kwenye tundu la chini ya ukuta.

Kitu kikalia ndani ya tundu. Kililia mara moja tu, kwa sauti nyembamba.

"Paka," Uweis alisema. Kalama akarudi nyuma hatua mbili.

* * *

Baada ya chakula ilikuwa zamu ya Tevin. Alikuwa amesahau glavu zake hotelini, na Zein alikuwa ameandika ukutani kuwa hakuna kuendesha bila glavu, basi Uweis akavua zake akampa. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

Gari jekundu lilikuwa la viti viwili. Tevin akakaa kwenye usukani, Uweis pembeni yake, mikanda ikafungwa. Uweis akarudia somo alilowaambia tangu asubuhi.

"Gari hufuata macho. Ukitazama ukuta, utaupata ukuta. Wewe tazama unakotaka kutokea, mikono itajua yenyewe. Chochote kikikutisha pembeni, usikitazame."

"Hata kama ni msichana mzuri?" Tevin akatania.

"Huyo hasa ndiye usimtazame."

Kona ya kwanza waliipita vizuri. Ya pili Tevin alichelewa breki kidogo, nyuma ya gari ikacheza, akairudisha. Walipoingia kwenye ule mstari mrefu unaokwenda kona ya tatu, mshale wa mwendo ulikuwa umevuka mia na hamsini, na Uweis alikuwa akitazama mwisho wa kona kama mazoea yake yalivyo, aliposikia ile harufu imejaa garini.

"Breki sasa," alisema. "Breki, na macho mwisho wa kona."

"Kuna mama pale."

"Macho mbele, Tevin!"

"Mwalimu, yule mama amesimama ukutani, anatazama mikono yangu, anatazama glavu, anakuja, mwalimu, mbona anakuja huku ndani..."

Uweis hakugeuza macho. Miaka kumi na mitano ilikuwa imemfunga shingo. Lakini alisikia Tevin akipiga ukelele ambao hajawahi kuusikia kwa mtu mzima, akaona kwa pembe ya jicho mikono ya kijana yule ikifuka moshi juu ya usukani, glavu zikijikunja na kusinyaa, na gari likaiacha lami, likakata nyasi, likaruka tuta dogo na kuupiga ukuta wa gofu kwa ubavu, vioo vikawanyeshea usoni, chuma kikalia, kisha gari likazunguka mara mbili na kusimama linatazama lilikotoka.

Hakukuwa na moto. Rejeta ilikuwa nzima, haikuvuja hata kidogo. Lakini Kalama alipofika mbio na kuzivuta zile glavu, ngozi ya Tevin ilikuja nazo, kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, nyeupe na laini kama ngozi ya kuku aliyetiwa maji ya moto ili anyonyolewe. Gladys ndiye aliyemshika kichwa mpaka ambulensi ikaja. Aling'ata mdomo wake mwenyewe hadi ukatoka damu, lakini hakumwachia.

"Alinishika mikono," Tevin alikuwa akinong'ona. "Alinusa, halafu akanishika. Ananiuliza yuko wapi. Mwalimu, nani yuko wapi?"

Uweis alizitazama zile glavu pale chini. Alijua zilikuwa zimebeba nini saa sita mchana, na alijua kuwa mikono iliyotafutwa haikuwa ya Tevin.

Zein akafunga uwanja siku ile ile. Uweis akaingia kwenye gari lake la nyumbani, akarudi Mambrui akiwa ameshusha vioo vyote. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa. Alijiambia ni jasho la nguo za kazi alizotupia huko.

* * *

Alikuwa na mtoto mmoja, Tasneem, wa miaka sita. Mkewe Ruqaiya alipoteza mimba mbili kabla ya huyo na moja baada yake, na tangu hapo hawakujaribu tena. Uweis angeweza kuishi bila mbavu, bila magari, hata bila jina lake lililopakwa kwenye milango ya magari yale. Bila Tasneem hapana. Alikuwa amemwahidi kuwa Jumapili, darasa likiisha, atampakia gari la manjano na kumzungusha uwanjani mara tatu, na mtoto alikuwa amehesabu siku kwa vidole wiki nzima.

"Ni kesho, baba?" alimpokea mlangoni.

"Tutaona, mama."

"Na huyu naye atapanda?"

"Nani?"

Tasneem akageuka, akatazama kando ya ubavu wake ambapo hapakuwa na mtu.

"Huyu uliyekuja naye. Mguu wamuuma. Yuwalia, baba, lakini yuwalia polepole."

Uweis akamwingiza ndani. Alisali magharibi, akasoma Ayatul Kursiyyu mara saba akizunguka vyumba vyote, na nyumba ikatulia, hata akaanza kujiona mjinga. Ruqaiya akatayarisha maji ya kumwogesha mtoto, maji ya mtungi, baridi. Tasneem alikuwa ameshavua nguo na kuinua mguu mmoja juu ya beseni, na Ruqaiya, kwa desturi tu ya mama, akatia mkono kwanza.

Ukelele wake ulisikika mpaka msikitini. Uweis alipofika, Ruqaiya alikuwa amemsukuma mtoto ukutani kwa bega, mkono wake wa kulia umegeuka mwekundu na malengelenge yanavimba huku yakitazamwa, na beseni la plastiki lilikuwa likichemka peke yake sakafuni, bila moto, bila chochote, mapovu yanapanda na kupasuka mpaka plastiki ikaanza kulegea na kuinama.

"Alitaka kupoza mguu wake," Tasneem alisema huku akilia. "Hakufanya makusudi. Kila maji akiyagusa yawa hivyo."

"Mume wangu," Ruqaiya akanong'ona, meno yakigongana, "umetuletea nini ndani ya nyumba?"

Akamweleza yote, kichwa chini. Ruqaiya hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

Usiku kucha Tasneem aliomba maji. Kila kikombe kilichomkaribia mdomo kilichemka. Wakajaribu kijiko, kikachemka. Wakajaribu maji ya dafu, yakamrukia kidevuni na kuacha alama. Kulipopambazuka midomo yake ilikuwa imepasuka, macho yamezama, ulimi umekauka kama kipande cha kitambaa, na Uweis akaelewa kuwa yule aliyekuwa kando yake hatamwua kwa chuki. Atamwua kwa kumng'ang'ania tu, na katika joto lile la mwezi wa pili haitachukua hata siku mbili.

* * *

Aliyepika wali wa nazi wa wanafunzi siku za darasa aliitwa Nyevu, mama mtu mzima wa Ganda, mwenye sauti nzito na mzaha mwingi. Siku ambazo si za darasa alitibu watu. Wanafunzi hawakujua, na Uweis alikuwa akijifanya hajui. Kalama ndiye aliyempeleka kwake Jumapili asubuhi, Tasneem akiwa mapajani mwa Ruqaiya kwenye kiti cha nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nyevu hakuwa na mzaha siku hiyo. Alimtazama Tasneem, kisha akatazama kando ya Tasneem kwa muda mrefu zaidi. "Ulimwaga wapi?"

"Gofuni. Kona ya tatu."

"Uliita kwanza kuwaonya?"

"Sikuita."

"Kalama hakukwambia?"

"Aliniambia."

Nyevu akaguna. "Hata mimi nikimwaga maji ya mchele naita, na mimi ndiye naogopwa. Haya, twendeni. Mtoto mje naye, maana huyo mwingine hambanduki."

Walifika uwanjani jua likikaribia utosini. Hapakuwa na mtu. Ruqaiya akabaki bandani na mtoto, karibu na gari la manjano. Nyevu akaenda gofuni na Uweis na Kalama, akatandika nguo tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, akawasha ubani kwenye chetezo, akapiga magoti.

"Taireni," alisema kwa upole, kama mtu anayebisha mlango wa jirani aliyefiwa. "Taireni, mwenye nyumba. Tumekuja na makosa yetu."

Moshi wa ubani haukupanda. Ulilala chini, ukatambaa kuelekea tundu la ukuta, ukaingia. Upepo ukakata. Ndege wakanyamaza, mkonge ukanyamaza, na katika ukimya ule wakasikia mtu akipumua ndani ya ukuta, pumzi ndefu za kuburura kama za mwanamke aliye katika uchungu, zikaja karibu, zikatoka tunduni, zikapita kati yao zikiwaunguza magoti, na kabla Nyevu hajainua mkono Kalama alinyakuliwa kwa nyuma ya shingo, akainuliwa mpaka vidole vya miguu vikaning'inia, akabamizwa ukutani mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, damu na meno mawili vikaruka juu ya nguo nyeupe, kisha akaachwa akaanguka kwa magoti, kichwa kimeinama, na alipokiinua macho yake yalikuwa meupe kabisa na mdomo wake uliovunjika ukasema kwa sauti ya mwanamke.

"Yuko wapi?"

Nyevu akasogea. "Mwenye nyumba, huyu kijana hana kosa, mwachie..."

Mkono wa Kalama ulimpiga usoni kwa nguvu zisizokuwa za Kalama. Shavu la Nyevu likapasuka. Akaanguka, akajiinua, akafuta damu kwa kanga yake, akapiga magoti tena pale pale. Uweis hajaona mtu jasiri kama yule.

"Ni mimi," Uweis alisema. "Ni mimi niliyemwaga. Nichukue mimi."

Yale macho meupe yakamgeukia. Kichwa cha Kalama kikanusa hewa.

"Wewe nikufanyie nini? Wewe ni mzee. Mwanangu alikuwa amelala. Alikuwa amelala, nami nilikuwa nimekwenda hatua tatu tu. Nilirudi nikakuta ngozi yake kwenye jiwe. Alikimbia na maumivu, akaingia kwenye gari lako, kwa sababu hakuona tena nyumbani ni wapi."

Sauti ile ilikatika, na Uweis, katikati ya hofu yake, akamwonea huruma. Alikuwa amemsikia Ruqaiya akilia hivyo mara tatu.

"Mwanao yuko hapa," Nyevu alisema. "Ameshikana na mtoto wetu. Yeye hapoi na wetu hanywi. Twaomba utusaidie."

Kichwa cha Kalama kikamgeukia. "Mlete katika lile gari lililochemka. Mlete mbio, kama mnavyopita juu ya nyumba yangu kila siku. Mtoto na mtoto, kiti kimoja. Nitachukua mmoja, nitaacha mmoja. Na anayeendesha asinitazame. Akinitazama, nachukua wote."

"Utachukua wako, utaacha wetu?" Nyevu akauliza haraka. "Mwenye nyumba, sema. Utachukua yupi?"

Kalama alianguka kifudifudi, akawa Kalama tena, analia na kutema damu.

Nyevu alikaa akilitazama lile tundu. "Hakusema yupi," alinong'ona. "Baba Tasneem, hakusema yupi."

"Mama yeyote humchukua wake," Uweis alijibu. Alikuwa tayari anakimbia.

* * *

Ruqaiya alikataa. Alimkumbatia mtoto kwa mkono wake mmoja mzima, akasema mwanawe hapandi gari lile, wallahi hapandi, mpaka Tasneem mwenyewe alipofungua macho na kusema kwa sauti iliyokauka, "Baba, ni mizunguko yangu mitatu?"

"Ndiyo, mama. Mitatu."

Akatabasamu, na mdomo ukachanika ukatoa damu. Ruqaiya akamwachia.

Uweis akamfunga mkanda, akamvisha helmeti ndogo, akashusha kioo chake cha usoni. Kiti kilikuwa tayari kimelowa. "Shika mkono wa baba," alimwambia. "Usiuachie mpaka nikwambie. Na ufumbe macho." Vidole vidogo vikamshika juu ya kiwiko, vikavu na vya homa.

Injini ikawaka. Akapita kona ya kwanza, ya pili, akaingia kwenye ule mstari mrefu akikanyaga mafuta mpaka chini, bismillah mdomoni, ile aliyoibania jana akiimwaga sasa bila kupumzika, na macho yake akayapigilia mwisho wa kona, kwenye kipande kile cha lami alichotaka kutokea, hapo tu. Harufu ikaingia. Joto likaingia, kioo cha mbele kikapata ukungu kwa ndani, usukani ukaanza kumchoma viganja, na upande wa kulia, ukutani, mtu mrefu akasimama, akamwona kwa pembe ya jicho bila kumtazama, mrefu kuliko ukuta, mikono imenyooshwa mbele kama anayepokea mtoto kutoka kwa mkunga. Akakanyaga breki. Akakata usukani. Matairi yakalia, na katika mlio ule akasikia sauti ya Tasneem.

Ilitoka nje, upande wa ukuta.

"Baba! Baba, niko huku! Baba, nitazame!"

Lakini vidole bado vilikuwa vimeushika mkono wake. Alivihisi, aliviamini. Alikuwa amewaambia wanafunzi wote wa miaka yote ile kuwa kinachokutisha pembeni usikitazame, na sauti ile ndiyo iliyomtisha kuliko vyote, ikizidi kuita, ikivunjika, ikimwita kwa lile jina alilomwita akiwa hajajua kusema vizuri, mpaka machozi yakamfunika macho na bado hakugeuza shingo, akatazama kule alikotaka kutokea, na gari likatokea.

Joto likakatika. Ndege wakaanza kulia tena.

"Tumepita, mama," alisema akicheka na kulia pamoja. "Tumepita."

Vile vidole vilikuwa vimelowa.

Alisimamisha gari bandani. Ruqaiya alikuwa ameshafika mlangoni, akaufungua, akaufyatua mkanda, akamtoa mtoto na kumweka chini ili amvue helmeti. Mtoto akapiga hatua mbili kwenye lami kavu. Mguu wa kushoto ulikanyaga wote. Wa kulia ulikanyaga kwa vidole. Nyuma yake zikabaki nyayo mbili za maji, zinafuka moshi.

Ruqaiya alizitazama. Akainua kile kioo cha helmeti. Uweis aliona uso wa mkewe, hakuona alichokiona yeye, na mpaka leo hajamuuliza.

Nyevu alikuja akichechemea, kanga imejaa damu, akasimama mbali kidogo. "Anataka mumponye mwanawe," alisema polepole. "Amemshika wenu mpaka wake apone. Yeye hana maji. Nyinyi mnayo."

Uweis aligeuka kutaka kukimbilia gofuni. Akaanguka pale pale kwenye lami, akaipiga lami ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Ruqaiya hakumtazama. Alikaa chini, akampakata yule aliyekuwa ndani ya nguo za Tasneem, akaona kisigino kilichobabuka mpaka ndani, akavuta pumzi.

"Kalama," alisema. "Niletee karai. Maji baridi. Mengi."

La kwanza lilichemka mara mguu ulipogusa. La pili pia. La tano lilichelewa kidogo. Kila moja Ruqaiya alilisomea bismillah kabla ya kulimwaga, kwa sauti, akingoja kwanza, akitazama ardhi pande zote. Kwenye la kumi na moja maji yakatulia, na kile kilichokuwa mapajani mwake kikaegemeza kichwa kifuani kwake, kikaacha kulia kwa mara ya kwanza tangu jana saa sita.

Ndipo walipoisikia sauti kutoka kona ya tatu, ndogo, yenye subira, kama ya mtoto anayekumbusha ahadi.

"Baba, bado miwili."